Pithora huandikwa

Juzi nilikuwa mkahawani nasubiri chai. Ukutani kuna watu weupe wembamba, miili ya pembetatu mbili zilizogusana ncha, wameshikana wanacheza ngoma ya mzunguko. Pembeni, kwenye ubao wa vyakula, mtu ameandika kwa chaki: "Karibu ufurahie mapambo yetu ya Pithora." Ni mara ya tatu mwaka huu nakutana na maneno hayo.

Kosa la kwanza ni dogo. Watu wale wa pembetatu si wa Pithora, ni wa Wawarli, kabila la India lililoko Thane na Palghar, jimbo la Maharashtra. Kwao picha ya ukutani ilikuwa hasa ya arusi, ikichorwa na wanawake ambao waume zao wako hai, kwa unga wa mchele uliokorogwa na maji. Hilo nasamehe, maana India ni kubwa. Ila hilo "mapambo" linanikera.

Pithora ni nadhiri iliyowekwa ukutani. Wenyewe ni kabila la Warathwa wa Chhota Udepur, mashariki mwa jimbo la Gujarat, pamoja na Wabhil na Wabhilala wanaopakana nao upande wa Madhya Pradesh. Mtoto haponi, ng'ombe wanakufa, shamba halitoi kitu: mwenye nyumba humwendea mganga, aitwaye badvo, na kumwekea nadhiri mungu wao, Baba Pithoro, kwamba mambo yakitengemaa atamkaribisha ukutani kwake. Basi, maana ni hiyo.

Sasa neno. Wanaoifanya kazi hiyo huitwa lakhara, kutokana na kitenzi cha Kigujarati lakhvu, yaani kuandika. Wenyewe husema Pithora imeandikwa. Wageni wengi hulichukulia hilo kama lugha ya picha tu, eti washamba hawatofautishi kalamu na brashi. Wanatofautisha vizuri sana, na Mswahili angepaswa kuwa wa kwanza kuwaelewa. Sisi huandika meza. Tunaandika chakula, tena zamani mtu aliandikwa kazi bila karatasi yoyote kuhusika. Kuandika kwetu ni kukipanga kitu mahali pake, tayari kwa anayekuja. Meza ikishaandikwa, mgeni anajua pa kukaa.

Lakhara naye anaandika hivyohivyo. Kwanza wasichana ambao hawajaolewa hukandika ukuta wa baraza kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kisha huupaka weupe. (Wao hukandika, wanaume huandika, Kiswahili kimetupa hiyo bure.) Rangi hukorogwa kwa maziwa na pombe ya maua ya mti wa mahua. Huzungushwa fremu ya mstatili, na chini huachwa mlango unaolindwa na chui milia wawili. Ndani wanaingia farasi, safu kwa safu, kila farasi na mungu wake au babu wa ukoo wake. Mfalme Bhoj anakuja juu ya tembo. Kuna jua na mwezi, kuna anayelima, kuna mwenye vichwa kumi na viwili, na siku hizi utakuta hata basi na ndege, kwani navyo vimo duniani.

Halafu picha inasomwa, jambo ambalo pambo halifanyiwi. Badvo akishapandisha hutetemeka mbele ya ukuta, akawataja waliomo mmoja mmoja, akionyesha kila alipo. Akikuta aliyesahaulika, lakhara hurudi na brashi palepale. Anasahihisha imla. Kwamba farasi ana shingo nene kuliko tumbo hakumsumbui mtu. Kwamba hayupo ndiyo balaa. Mbuzi huchinjwa na karamu ikaendelea ukuta ukishakubaliwa.

Siku hizi Pithora huwekwa pia kwenye turubai na karatasi, na mwaka 2023 mchoraji Paresh Rathwa alitunukiwa na serikali ya India nishani ya Padma Shri kwa kazi hiyo. Sina ugomvi na turubai. Farasi wake ni walewale na mkono ni uleule. Lakini ikinunuliwa kwa ajili ya sebule, bila nadhiri na bila badvo wa kuisoma, naona inatosha kuiita picha ya mtindo wa Pithora. Mnunuzi hapungukiwi kitu.

Haya yote nilimwambia kijana wa pale mkahawani, kwa ufupi zaidi, chai ikipoa. Akanisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo shangazi, tuufute ukuta?"

"Usifute ukuta, mwanangu. Futa ubao. Andika 'picha za Warli', na hilo 'mapambo' liondoke."

Akafuta kwa kiganja, akaandika kwa herufi kubwa, juu kidogo ya samaki wa kupaka: "PICHA ZA WALI". Nikamwomba chaki, nikaipachika ile R.