Usimamizi wa kisayansi ni nini?

Usimamizi wa kisayansi ni utaratibu wa kuipima kazi, kutafuta namna moja iliyo bora ya kuifanya, kisha kuwafundisha wafanyakazi wote waifuate. Mwasisi wake ni mhandisi Mmarekani, Frederick Winslow Taylor (1856–1915), na maelezo yake kamili aliyachapisha mwaka 1911. Usiuchanganye na nadharia ya Mfaransa Henri Fayol ya mwaka 1916, inayoanzia juu kwa mkurugenzi: kupanga, kuunda taasisi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Taylor alianzia chini, kwa kibarua. Wengi humkumbuka kwa saa ya kupimia muda, lakini jambo zito zaidi alilofanya ni kuutoa uamuzi wa namna ya kufanya kazi mikononi mwa fundi na kuupeleka ofisini.

Kilichomsumbua ni kutegea. Katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, aliona mafundi wakijizuia kwa makusudi. Sababu haikuwa uvivu. Walilipwa kwa kipande, na walijua kwamba mmoja wao akizalisha sana tajiri atashusha bei, wote waishie kutoka jasho zaidi kwa ujira uleule. Mtu mwenye akili timamu angetegea pia.

Mfano ulio wazi ni wa beleshi, katika kiwanda cha Bethlehem, Pennsylvania, alikokuwa kati ya 1898 na 1901. Kila kibarua alikuja na beleshi lake. Likichota makaa mepesi lilibeba kama kilo 1.6, likichota mawe ya chuma, kilo 17. Majaribio yalionyesha kwamba mtu huhamisha shehena kubwa zaidi kwa siku akibeba ratili 21, takriban kilo 9.5, kila mchoto.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ilibidi kuwe na stoo ya mabeleshi: dogo kwa mawe, pana kwa makaa. Stoo ikahitaji karani, na karani akahitaji kujua tangu leo nani atachota nini kesho. Asubuhi kibarua akawa anapewa karatasi zake. Moja ikiwa ya njano, ujue jana hukufikisha kiwango. Gharama ya kuhamisha tani ilishuka kutoka senti 7.2 hadi 3.3, ujira wa siku ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.88, na vibarua wa uwanjani, waliokuwa 400 hadi 600, wakabaki kama 140. (Hesabu hizi ni za Taylor mwenyewe, na hakuwa mtu wa kujishusha.)

Upimaji wa muda, kama unavyofanywa viwandani siku hizi, huenda hivi. Kazi inagawanywa katika vitendo vidogo, kila kimoja kinapimwa mara kadhaa, na wastani wa vyote unajumlishwa. Tuseme jumla ni dakika 2.00. Mpimaji akimwona fundi ana kasi kuliko kawaida kwa asilimia 10, anazidisha kwa 1.10, anapata 2.20. Anaongeza nafasi ya uchovu, kujisaidia na kusubiri, tuseme asilimia 15: dakika 2.53. Zamu ya dakika 480 inatoa vipande 189. Penye udhaifu ni hatua ya kasi, kwa sababu asilimia 10 ile hutoka machoni pa mpimaji, saa haiijui. Fundi akijua anapimwa anapunguza mwendo, mpimaji naye anajua amepunguziwa, na sayansi inageuka mapatano ya bei.

Malipo nayo yalikuwa na makali. Katika mfano wa Taylor, anayefikisha vipande 10 kwa siku analipwa senti 35 kila kimoja. Asiyefikisha, senti 25. Wa 10 anaondoka na dola 3.50, wa 9 na dola 2.25. Mali ghafi ikichelewa au mkanda wa mashine ukikatika saa kumi jioni, anayeumia ni fundi, ingawa ratiba aliipanga mtu mwingine.

Agosti 1911, wasubu wa chuma katika ghala la silaha la serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma baada ya mwenzao kukataa kupimwa kwa saa. Bunge la Marekani liliunda kamati, Taylor akahojiwa, na mwaka 1915 likapiga marufuku fedha za jeshi kutumika kwa upimaji wa aina hiyo.