Pingamizi si upinzani

Mama mmoja anayeuza ndizi karibu na njia ya reli hapa Arusha alisimama kwenye mkutano wa mtaa. Ajenda ilikuwa pendekezo la kujenga kituo kipya cha treni kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu. Akauliza: "Ndugu mwenyekiti, maji yanayoshuka kutoka mlimani wakati wa masika yatapita wapi mkishamwaga zege pale?" Hata hajakaa, mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Wapinzani wa maendeleo hao!" Watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa jirani na katibu, nikaona alichoandika kwenye daftari: "Mpinzani, mmoja."

Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno. Pingamizi ni hoja inayowekwa mbele ya jambo ili lisiendelee mpaka hoja hiyo ijibiwe. Mama yule alitoa pingamizi. Upinzani ni neno jingine kabisa, ingawa mzizi ni mmoja.

Mzizi wenyewe ni pinga, kulaza kitu kikakingama njiani. Ndiyo maana kijiti cha kukazia mlango kwa ndani kinaitwa kipingo. Kutoka pinga tunapata pingama, kukaa kwa kukingama, kama ficha inavyozaa fichama na ganda inavyozaa gandama. Ukisogea hatua moja unapata gandamiza, na huku pingamiza, kisha pingamizi. Ndani ya neno hili hamna mtu wala kambi, kuna kitu tu kilicholazwa njiani. Na kipingo hakiwekwi ili mlango usifunguliwe milele. Mwenye nyumba anauliza "Nani?", akijibiwa vizuri anakiondoa.

Mpinzani ametokea upande mwingine: pinga, pinza, pinzana. Hiyo -ana ni ile ya pigana na shindana, inadai watu wawili wanaokabiliana. Simba na Yanga ni wapinzani. Tena tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, upinzani umekuwa jina la vyama visivyoshika dola. Kwa hiyo ukimwita mama wa watu mpinzani hadharani, swali la mtaro umeligeuza kuwa swali la yeye ni wa upande gani. Kesho yake nilipopita mezani kwake hakutaja maji tena. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama meza yake ya ndizi itasumbuliwa.

Kwenye ndoa mbona tunaelewa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka nia ya kufunga ndoa itolewe taarifa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Anayekuja kusema bwana harusi ana mke Moshi, na ndoa yao ni ya mke mmoja, hatumwiti adui wa ndoa. Anazuia ndoa ile, kwa sababu ile, na tunamshukuru.

Na katika mkutano ule hakuna aliyekataa treni. Reli ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Safari za abiria zikaja kukatika kwa miaka mingi, zikarudi Moshi Desemba 2019 na hapa kwetu mwaka 2020. Watu wa mtaa huu walifurahi kuliko wengi. Mzee mmoja alitaka tu kujua mita 15 za hifadhi ya reli zitapimwa kuanzia wapi, maana choo chake kiko karibu. Kijana wa bodaboda aliuliza watoto wa shule watavukia wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na maoni ya wananchi ni sehemu ya tathmini hiyo. Maswali kama haya ndiyo mhandisi anayahitaji kabla hajachora, kwa sababu yeye hajalala hapa usiku wa mvua ya Aprili.

Namwomba katibu wetu, kwa heshima zote, kabla muhtasari haujasomwa kwenye kikao kijacho afute ile "Mpinzani, mmoja" na aandike: "Pingamizi: njia ya maji ya mvua. Bado halijajibiwa."