Kwa nini nyumba za kiangazi za pwani ya Skandinavia ni nyekundu nje na nyeupe ndani?

Ukipanda meli ya abiria bandarini Stockholm mwezi wa Juni na kuelekea mashariki, haichukui muda mrefu kabla hujajikuta katikati ya funguvisiwa lenye visiwa, vijisiwa na miamba ipatayo 30,000. Vingine ni jiwe tupu lenye ndege wachache. Lakini palipo na miti kidogo, hapakosi nyumba: ndogo, ya mbao, nyekundu kama kutu, kona zake na fremu za madirisha nyeupe, imekaa juu ya mwamba wa kijivu hatua chache kutoka majini. Unaipita, unaona nyingine, kisha nyingine tena. Mlango ukiwa wazi, unachungulia na kuona kuta nyeupe na sakafu ya mbao iliyofifia.

Waswidi huiita sommarstuga, Wanorwei huiita hytte, Wadenmark husema sommerhus. Uswidi ina nyumba za namna hii takriban 600,000. Norwei, yenye watu wasiofika milioni sita, ina zaidi ya 400,000, ingawa nyingi ziko milimani. Ndiyo maana si jambo la matajiri peke yao. Mwalimu wa shule anayo, dereva wa basi anayo, au angalau shangazi yake anayo na kila mwaka ndugu wanapeana zamu.

Je, wajua kwamba wekundu ule haukutoka baharini kabisa? Ulitoka shimoni, ndani sana bara.

Katika jimbo la Dalarna, huko Uswidi, kuna mji wa Falun, na Falun kuna mgodi wa shaba uliochimbwa kwa takriban miaka elfu moja hadi ulipofungwa mwaka 1992. Katika karne ya 17, ulipokuwa kileleni, theluthi mbili hivi ya shaba ya Ulaya ilitoka humo. Mawe ambayo hayakuwa na shaba ya kutosha yalitupwa pembeni, karne baada ya karne, mpaka yakawa vilima. Mvua na hewa vikayala polepole, chuma kilichomo kikashika kutu, na mawe yakageuka udongo wa manjano iliyoingia ukahawia. Udongo huo ukioshwa, ukakaushwa na kuchomwa tanuruni, unakuwa mwekundu. Moto ukizidi, rangi inakolea.

Kisha unapikwa, na hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe, kwa sababu kinachopikwa ni uji. Maji yanachemshwa, unatiwa unga wa rai au wa ngano, unakorogwa hadi ushikane, ndipo udongo mwekundu unaingia, pamoja na mafuta kidogo ya mbegu za kitani. Wanga wa unga ndio gundi. Watu walikuwa wakiipika wenyewe uani katika sufuria kubwa, na hata leo wapo wanaoipika hivyo kwa mapenzi tu.

Uji huu una tabia ambayo rangi nyingi za dukani hazina: hauzibi mbao. Unyevu ulioingia kwenye ubao unapata njia ya kutoka, kwa hiyo ubao hauozi haraka. Tena hautaki mbao iliyopigwa randa ikalainika. Unataka ubao wenye kukwaruza, kama ulivyotoka kwenye msumeno, ili upate pa kushika. Miaka inavyopita rangi haibanduki vipande vipande. Inakuwa vumbi na kupukutika. Ukiegemea ukuta na shati jeupe utalijua hilo mara moja. Wakati wa kupaka upya hakuna kukwangua kwa siku nzima. Unapitisha brashi ngumu, vumbi linaanguka, unapaka.

Mwanzoni haikuwa rangi ya wanyonge. Katika miaka ya 1570 Mfalme Johan III aliiagiza kwa ajili ya mapaa ya kasri. Wakubwa waliokuwa na majumba ya mbao wakaipenda kwa sababu kwa mbali ukuta mwekundu ulifanana na matofali ya kuchoma, na matofali ndiyo yaliyokuwa fahari ya Uholanzi na Ujerumani. Wakulima na wavuvi walifuata baadaye sana, hasa katika karne ya 19. Wakati huo wenye fedha wa mijini walikuwa wameshahamia rangi za mafuta, za manjano na nyeupe. Nyekundu ikabaki kwa watu wa mashamba na pwani, rahisi na ya kutegemeka, iliyotengenezwa kwa taka za mgodi. Kona nyeupe ziliongezwa baadaye, rangi nyeupe ya mafuta iliposhuka bei kiasi cha mtu wa kawaida kumudu kopo moja la kupamba pembeni.

Ule mgodi una kisa kingine ambacho siwezi kukiacha. Mwaka 1687, katika sikukuu ya katikati ya kiangazi, sehemu kubwa ya mgodi ilititia na kuacha shimo ambalo hadi leo wageni husimama ukingoni kulitazama. Hakufa mtu. Wachimbaji walikuwa mapumzikoni, katika mojawapo ya siku chache za mwaka walizoruhusiwa kupumzika.

Tukienda Norwei, mambo yanabadilika kidogo. Kaskazini, kwenye visiwa vya Lofoten, kuna vibanda vinavyoitwa rorbu, vilivyojengwa juu ya nguzo, nusu juu ya mwamba na nusu juu ya maji, ili mvuvi aifunge mashua mlangoni. Walivitumia wavuvi waliokuja kwa msimu wa baridi kuvua samaki wa skrei, na leo vingi vinapangishwa kwa watalii. Navyo ni vyekundu, ila huko udongo wa kutu ulichanganywa na mafuta ya ini la samaki, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwepo. Kusini mwa Norwei, kwenye miji midogo kama Lillesand na Grimstad, nyumba ni nyeupe pepe. Nyeupe ilikuwa ghali, kwa hiyo ilikuwa tangazo. Wanorwei husimulia habari za nyumba zilizopakwa nyeupe upande unaotazama bahari na barabara, huku nyuma, wasikofika wageni, zikiwa nyekundu. Nako Skagen, ncha ya kaskazini ya Denmark, kuta ni za manjano na mapaa ni ya vigae vyekundu. Basi swali letu la nje lina majibu zaidi ya moja, na karibu yote yanarudi kwenye bei ya kopo.

Ndani ni habari ya mwanga.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatuijui njaa ya mwanga. Jua linachomoza saa kumi na mbili, linatua saa kumi na mbili, na adhuhuri tunatafuta kivuli. Stockholm, mwezi wa Desemba, mchana unadumu kama saa sita tu, na jua lenyewe linapita chini chini kama linalotaka kujificha. Juni linakaa juu ya upeo zaidi ya saa kumi na nane. Lofoten halitui kabisa kwa wiki kadhaa. Mtu aliyepita katika miezi ile ya giza, akifika kwenye nyumba yake ya pwani, hataki ukuta unaomeza mwanga. Anataka unaourudisha. Kwa hiyo kuta za ndani zinafunikwa kwa mbao nyembamba zinazoumana, zilizosimama wima, kisha zinapakwa nyeupe au kijivu cha kupauka. Mapazia yakiwepo ni ya kitambaa chepesi cha pamba au kitani. Kwenye nyumba nyingi hayapo.

Mazoea haya yana mizizi mirefu. Mfalme Gustav III wa Uswidi, aliyetawala kuanzia 1771 hadi 1792, alipenda mitindo ya Ufaransa. Mafundi wa nyumbani waliiga viti na meza za Kifaransa, lakini hawakuwa na mbao za fahari wala dhahabu ya kupamba. Walikuwa na msonobari, kwa hiyo wakaupaka rangi ya lulu, ya kijivu, ya buluu iliyofifia. Nuru ya mshumaa ikapendeza sana kwenye rangi hizo. Fundi wa kijijini naye akamwiga fundi wa mjini, na kiti cheupe cha mbao kikafika jikoni kwa mvuvi.

Halafu kuna wanawake wawili ambao kwa maoni yangu walifanya zaidi ya mfalme yeyote. Karin Larsson na mumewe, mchoraji Carl Larsson, walipewa nyumba na baba yake Karin mwaka 1888 huko Sundborn, si mbali na ule mgodi wa Falun. Karin alifuma vitambaa vya meza na mito, akabuni samani, akaziacha fremu za madirisha wazi na kupanga vyungu vya maua. Carl aliyachora yote hayo, na mwaka 1899 michoro ikatoka kama kitabu kilichoenea nchi nzima na kuvuka mipaka. Sifa nyingi zilimwendea Carl, lakini vyumba watu walivyovipenda vilitoka mikononi mwa Karin. Mwaka huohuo mwandishi Ellen Key alitoa kitabu kuhusu uzuri kwa watu wote, akidai kwamba nyumba ya mfanyakazi inaweza kupendeza bila gharama, ikiwa safi, yenye mwanga na vitu vichache vinavyotumika. Nyumba ya Karin haikuwa ya ufukweni, iko kando ya mto, lakini ukiingia leo katika nyumba ya kiangazi ya Bohuslän, pwani ya magharibi ya Uswidi, unaona mkono wake.

Tazama sakafu. Haina vanishi. Ni mbao za msonobari zilizosuguliwa kwa sabuni laini ya mafuta, mwaka hadi mwaka, mpaka zikapauka na kuwa nyororo kama ngozi. Mafuta ya sabuni huingia ndani ya ubao na kuzuia uchafu kuzama, na mchanga wa miguu ya watoto unafagiliwa tu. Juu yake kuna mazulia marefu yenye mistari ya rangi mbalimbali. Hayo ni nguo kuukuu: mashati, shuka na aproni zilizochanwa kuwa kamba na kufumwa upya. Bibi anaweza kukuonyesha mstari wa buluu akakwambia hilo lilikuwa gauni la mama yake. Kiangazi mazulia hupelekwa gatini, yakasuguliwa kwa brashi na sabuni, yakaanikwa kwenye uzio yakauke kwa upepo wa bahari.

Samani ni zile zilizozeeka mjini lakini haikuwezekana kuzitupa. Kuna benchi refu la jikoni ambalo usiku huvutwa likawa kitanda, vitanda vya dabodeka kwenye kichumba kisichozidi upana wa kitanda chenyewe, jiko la kuni, na vikombe visivyolingana. Choo mara nyingi ni cha nje, mlango wake umetobolewa tundu la umbo la moyo, na ndani, hasa Norwei, kuna picha za familia ya kifalme zilizokatwa magazetini. Nimeona picha za matangazo zinazouza mtindo huu ukiwa mpya wote, kila kitu kimenunuliwa siku moja, na kombe la bahari kila pembe. Ni nzuri kwa macho, ila zimekosa kile kitu muhimu: hakuna hata kijiko kimoja ambacho mtu anaweza kukusimulia kilikotoka.

Fahari ipo pia, na inakaa nje kwenye baraza. Meli za mvuke zilipoanza safari za kawaida kati ya Stockholm na visiwa katika karne ya 19, wafanyabiashara matajiri walijenga majumba ya kiangazi huko Vaxholm na Dalarö. Baraza zao zilifunikwa kwa vioo vidogo vidogo, na ukingo wa paa ukapambwa kwa mbao zilizokatwa kama kitambaa cha lesi. Waswidi huuita urembo huo snickarglädje, yaani furaha ya seremala. Neno zuri sana hilo. Baraza la vioo likaigwa na wadogo, kwa sababu linakuwezesha kukaa mbele ya bahari upepo wa Agosti unapokuwa mkali.

Lakini furaha ya seremala isingemfikia dereva wa basi bila sheria. Mwaka 1938 Uswidi ilipitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa wafanyakazi, na kufikia 1978 likizo hiyo ilikuwa wiki tano. Watu walipopata siku, walitafuta pa kwenda. Wengine walinunua vibanda vya wavuvi waliohamia mjini, wengine wakajenga vyao vidogo kwa mikono yao, wakavipaka ule uji mwekundu. Baadaye serikali ilizuia ujenzi kwenye ukanda wa kawaida wa mita 100 kutoka majini, ili ufuko ubaki wa wote. Vile vya zamani vilivyokuwa tayari ukingoni vikawa urithi wa kugombaniwa na ndugu.

Norwei, karibu na mlango, utakuta daftari linaloitwa hyttebok. Kila anayelala hapo huandika: hali ya hewa, samaki waliopatikana, nani alikuja na nani aliogelea. Mwezi wa Septemba au Oktoba kurasa hubadilika sauti. Maji yamefungwa na mabomba yamemwagwa yasipasuke kwa barafu. Magodoro yamesimamishwa ukutani panya wasiyalalie. Mashua imepinduliwa juu ya mwamba. Mwandishi wa mwisho hutaja kuni zilizobaki na ukuta upi unahitaji kupakwa mwakani, kisha anarudisha daftari rafuni na kuning'iniza ufunguo mahali ambapo familia nzima inapajua.