"Kwangu inafunguka vizuri tu": dhana potofu kuhusu kasi ya tovuti za biashara

Dhana: "Kwangu inafunguka vizuri tu."

Mwenye biashara akiambiwa tovuti yake ni nzito, jibu lake la kwanza huwa hili, na ndilo linalopotosha kuliko yote. Kivinjari cha kompyuta yako kilishahifadhi picha na mafaili ya tovuti hiyo siku nyingi. Ukiifungua leo hakivuti tena mzigo wote. Isitoshe, ofisini una faiba. Mteja mpya yuko kwenye daladala, ameshika simu ya bei nafuu, na bando lake linaisha usiku wa leo.

Ukitaka kujua anachokiona yeye, zima waifai, chukua simu ya kawaida, ufungue tovuti kwa hali fiche (incognito), ambayo haitumii mafaili yaliyohifadhiwa. PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya tovuti na kuipa alama hadi 100, nayo ni ya bure, na tovuti ikiwa na wageni wa kutosha itakuonyesha vipimo vilivyotoka kwa watumiaji halisi wa Chrome. Google wanataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, kwa angalau asilimia 75 ya wanaoufungua.

Dhana: "Tatizo ni mtandao wetu."

Kuna siku ni kweli. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Lakini siku ya kawaida, kama simu ile ile inafungua tovuti nyingine fasta halafu ya kwako inazunguka tu, usiisingizie bahari.

Dhana: "Mwenye nia ya kununua atasubiri."

Vodafone ya Italia ililipima hili. Iliweka kurasa mbili zinazofanana kwa sura, moja ikiwa imepunguzwa uzito ili sehemu yake kuu itokee mapema kwa asilimia 31. Ukurasa huo mwepesi uliuza zaidi kwa asilimia 8. BBC nao waliona kwamba kila sekunde inayoongezeka huwapotezea asilimia 10 nyingine ya wasomaji. Sisemi duka la Kariakoo litapata namba hizo hizo. Hayo ni mashirika makubwa, na wateja wao ni wengine. Ila mteja anayechoka kusubiri hapigi simu kulalamika. Anarudi Instagram kwa muuzaji mwingine, na wewe unabaki ukidhani soko limelala.

Dhana: "Nikilipia seva kubwa, mambo yataisha."

Seva ni kompyuta inayoitunza tovuti yako na kuituma kwa wageni, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Chukua tovuti ya hoteli ya Zanzibar: ukurasa wa kwanza una picha ya ufukwe ya MB 5, imewekwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo peke yake inahitaji sekunde 20 kushuka, hata seva iwe ya bei gani. Ipunguze upana ufike pikseli 1,600, uihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), na mara nyingi itabaki KB 200 hivi, yaani chini ya sekunde moja. Kwa macho ya mgeni ni picha ile ile. Baada ya picha, kagua video zinazojicheza zenyewe, visanduku vya kuchati, na zile plagini (programu za nyongeza) za WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziweka.

Seva ina umuhimu wake, lakini swali la kuanzia ni iko wapi. Data ikitoka Dar es Salaam kwenda Ulaya na kurudi hutumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za namna hiyo. Hoteli inayotegemea wageni wa Ujerumani na Italia haina sababu ya kuihamisha seva iliyoko Frankfurt. Duka linalouzia watu wa Dar na Mwanza linayo.

Dhana: "Nikipata alama 100 za PageSpeed, nitakuwa wa kwanza Google."

Google walianza kuhesabu kasi katika kupanga matokeo mwaka 2010, na kwa utafutaji wa simu Julai 2018. Lakini wanasema wenyewe kwamba ukurasa unaojibu swali la mtafutaji unaweza kushika nafasi ya juu hata kama ni wa polepole. Kwa hiyo ukishafika sekunde 2.5, acha kumlipa fundi akufukuzie alama. Mwambie aweke bei za vyumba.