Je, wajua kwa nini malaika wa kanisani ana mgongo mtupu?

Keti kwenye benchi la kanisa la zamani huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, uinue macho madhabahuni. Utawaona watakatifu na malaika wakubwa kama watu, joho zao zikipepea, dhahabu ikimeta kwenye mikunjo. Wanaonekana wamekamilika pande zote. Lakini siku sanamu ya namna hiyo ikishushwa ili itengenezwe, mafundi wakiigeuza, mara nyingi nyuma wanakuta shimo refu. Kuanzia mabegani hadi karibu na nyayo, mbao imekombwa ndani, utadhani ni mtumbwi uliosimamishwa wima.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba fundi alikwepa kazi. Mgongo unaelekea ukutani, nani atauona? Ni kweli kwamba hakukuwa na haja ya kuchonga vizuri mahali pasipoonekana. Ila kukomba gogo zima kwa tezo na patasi ni kazi kubwa kuliko kuliacha lilivyo. Mtu mvivu angeliacha.

Sababu yenyewe imo ndani ya mti. Gogo bichi limejaa maji, na likikauka linasinyaa, lakini halisinyai sawasawa. Kufuata mzunguko wa zile pete za ndani linasinyaa karibu mara mbili ya linavyosinyaa kutoka kwenye gome kwenda kwenye kiini. Tena nje hukauka mapema huku ndani kukiwa bado na unyevu. Nje kunataka kujikaza, moyo wa mti unakataa, na mwisho gogo linapasuka kwa ufa unaoelekea kwenye kiini. Fundi seremala yeyote amewahi kuuona ufa huo. Sasa fikiria umepita katikati ya uso wa Bikira Maria, baada ya miezi ya kazi.

Ukitoa kiini, umetoa kile kinachobishana na sehemu nyingine. Kinachobaki ni ganda lenye unene wa vidole vichache, linalokauka kwa ndani na kwa nje pamoja na kupata nafasi ya kusinyaa bila kujirarua. Faida ya pili ni uzito. Sanamu ya linde, mti laini ambao wachongaji wa Bavaria waliupenda kwa kuwa unakatika vizuri kila upande, inakuwa nyepesi kiasi cha kupandishwa juu ya madhabahu kwa kamba na kufungwa huko bila kuhatarisha walio chini.

Aliyeitumia elimu hii kwa ustadi ambao mimi binafsi sijauona ukizidiwa ni Ignaz Günther. Alizaliwa mwaka 1725 katika kijiji cha Altmannstein, mtoto wa seremala, kwa hiyo harufu ya mbao aliizoea tangu utotoni. Mwaka 1743 alikwenda Munich kujifunza kwa Johann Baptist Straub, mchongaji wa ikulu, akakaa naye miaka 7. Kisha akazunguka kama walivyofanya mafundi vijana wa zama zile: Salzburg, Mannheim kwa mchongaji Paul Egell, hadi Vienna, ambako mwaka 1753 alishinda tuzo katika chuo cha sanaa. Mwaka uliofuata alirudi Munich. Huko chama cha mafundi ndicho kilichoamua nani afungue karakana, lakini yeye aliomba kibali cha ikulu kilichomweka nje ya mamlaka ya chama hicho, akakipata.

Alifanya kazi katika kipindi cha mwisho cha baroku, mtindo wa sanaa ya Ulaya wenye mapambo mengi, unapogeukia rokoko: umbo linajipinda, kitambaa kinaruka, hakuna kinachotulia. Katika kanisa la abasia (monasteri) ya Rott am Inn, alikochonga kati ya 1759 na 1762, yuko Mtakatifu Kunigunde, mke wa Kaisari Heinrich II. Amesimama kama bibi wa ikulu, shingo ndefu, kope zimeshuka kidogo. Mwili umerefushwa makusudi, kwa sababu anayemtazama yuko chini, na kwa mbali urefu hupungua machoni. Mikunjo ya nguo za Günther haina ulaini wa kitambaa halisi. Ameikata kwa makali, bapa kwa bapa, kama jiwe lililovunjwa, ili mwanga wa dirishani ushike kwenye kila ukingo.

Makali hayo yalihitajiwa pia kwa sababu sanamu haikuishia mikononi mwake. Kupaka rangi na dhahabu ilikuwa kazi ya fundi mwingine kabisa. Huyo aliipaka mbao gundi ya ngozi za wanyama, akafuatisha matabaka kadhaa ya chaki iliyochanganywa na gundi, akasugua mpaka ikawa laini kama ganda la yai. Penye dhahabu alitandika kwanza udongo mwekundu, juu yake karatasi za dhahabu zilizofuliwa nyembamba mno, kisha akazing'arisha kwa jiwe laini au jino la mnyama. Kila tabaka la chaki hula kidogo ya mchongo. Mchongaji asiyelifikiria hilo angekuta pua imejaa na kope zimepotea.

Mikono na mabawa nayo ina hesabu zake. Nyuzi za mbao hupanda kwa urefu wa gogo, kwa hiyo mkono ulionyooshwa pembeni ukichongwa kwenye gogo hilohilo utakuwa na nyuzi zinazoukata njia, na utavunjika kwa kuguswa tu. Ndiyo maana mkono huchongwa kwenye kipande chake, nyuzi zikifuata urefu wa mkono wenyewe, halafu huungwa kwa gundi na vijiti vya mbao.

Katika kijiji cha Weyarn kuna Kupashwa Habari Maria, kazi yake ya mwaka 1764: malaika Gabrieli na Bikira Maria, waliotengenezwa ili wabebwe katika maandamano. Hapo wepesi una maana nyingine, maana kuna mabega ya watu chini yake. Kwa jumla, sanamu itakayotazamwa pande zote ikishakombwa huzibwa kwa ubao nyuma, na ubao huo nao huchongwa.

Günther alifariki Munich mwaka 1775, kabla ya kutimiza miaka 50. Mwaka mmoja kabla, alikuwa amemaliza sanamu ya Mama Maria akimpakata Mwanawe aliyekufa, kwa ajili ya kanisa dogo la Nenningen. Ladha ya watawala ilikuwa tayari imegeuka. Amri ya mwaka 1770 ilitaka makanisa ya vijijini Bavaria yajengwe kwa urahisi bila mapambo mengi. Mwaka 1803 monasteri zikafungwa, na baadhi ya kazi za aina hii zikaishia kwenye makumbusho.

Ukibahatika kuikuta mojawapo imewekwa mbali na ukuta, zunguka nyuma. Upande wa mbele fundi rangi amefunika kila kitu kwa chaki na dhahabu, tena rangi nyingi zimerudiwa na watu wa karne za baadaye. Nyuma hakuna aliyepaka. Utaona mbao tupu ya kahawia, na humo shimoni mapigo ya chuma yamepangana mstari kwa mstari, mapana, ya haraka, ya mtu aliyejua kasoro vidole vingapi angeutoboa uso.