Kontrola ya tangi la matumbawe: anza na soketi, skrini baadaye

Anayeanza tangi la maji ya chumvi nyumbani huniuliza: "Fundi, ninunue kontrola ipi?" Swali huja na picha ya skrini iliyojaa grafu za pH, chumvi na joto. Kabla ya kujibu, nami huuliza langu: tangi liko mji gani, lina lita ngapi, na ni kifaa gani hapo kinachokula umeme kuliko vyote? Kontrola kazi yake ni kuwasha na kuzima umeme kwa niaba yako ukiwa umelala au uko kazini. Grafu inakueleza kilichokwisha kutokea, lakini soketi ndiyo inayotenda, na soketi ikitenda kinyume matumbawe hufa.

Tuanze na joto, maana nalipa uzito kuliko mengine yote. Matumbawe mengi tunayofuga hustawi kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Mwaka 1998, bahari ya pwani yetu ilipopata joto kupita kawaida, miamba ya Kenya na Tanzania ilipauka na sehemu nyingi matumbawe yakafa kwa wingi. Huko ni baharini, kwenye maji mengi na mikondo. Tangi la lita 300 sebuleni halina kinga hiyo hata kidogo.

Kwa tangi la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, shida ni joto la juu. Msimu wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 kirahisi, na taa na pampu nazo zinaongeza joto lao ndani ya maji. Hapo kazi ni ya feni au chila, yaani mashine ya kupoza maji yenye kompresa kama ya friji. Feni ni nafuu na hupoza kwa kuvukiza maji, lakini hewa ya pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo usiitegemee kushusha zaidi ya nyuzi mbili tatu. Maji yanayopotea nayo lazima yarudishwe kila siku. Mfugaji wa Nairobi ana shida tofauti kabisa. Usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, na uhai wa tangi lake unategemea hita. Watu hawa wawili wakinunua kontrola moja kwa sababu tu imesifiwa na mtu wa California, angalau mmoja wao atakuwa amelipia asichokihitaji.

Hita ina ugonjwa wake unaojulikana: migusano ndani ya thamostati, yaani swichi yake ya joto, hushikana kwa cheche, na kuanzia hapo haizimiki tena. Piga hesabu. Kupandisha lita 300 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 1,256 hivi. Hita ya wati 300 iliyoganda hutoa kiasi hicho kwa dakika kama 70, ukiacha joto linalopotea hewani. Ukilala usiku mzima, asubuhi unakuta tangi limepanda nyuzi nne au tano. Ndiyo maana kontrola naiamuru ikate kwenye 26, na thamostati ya hita yenyewe naiweka 27, ili moja ikishindwa nyingine izime. Na badala ya hita moja kubwa nafunga mbili za wati 150, kwa sababu moja ikiganda peke yake inachukua muda mrefu zaidi kupika maji, na kengele inapata nafasi ya kukuamsha.

Kwa chila, maelezo ya kwenye boksi huwapotosha wengi. Soketi imeandikwa ampea 10. Kwa hita hilo ni sawa, maana ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Kompresa haiendi hivyo. Inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, na relei, yaani swichi ndogo ya umeme iliyo ndani ya soketi, hupigwa na mshtuko huo kila inapowasha, hadi siku moja inashikana. Tafuta mstari unaotaja mzigo wa mota. Kama haupo, chukulia kwamba soketi hiyo haikutengenezwa kwa kompresa. Hapo huna haja ya kontrola ghali zaidi. Mwambie fundi umeme akufungie kontakta (swichi kubwa inayoamriwa kwa umeme) ya ampea 20 au 25, kontrola iamuru kontakta, na kontakta ibebe chila. Halafu hakikisha kontrola ina sehemu ya kuweka kuchelewa. Kompresa ikizimwa ipewe dakika tatu hadi tano gesi itulie ndipo iwake tena. Kontrola isiyo na kipengele hicho siifungi kwenye chila.

Sasa lile linaloamua ununuzi wenyewe. Kontrola nyingi za daraja la juu zina sehemu mbili, ubongo na sanduku la soketi, zilizounganishwa kwa waya wa data. Waya ukichomoka au ubongo ukiganda, kila soketi itafanya nini? Hilo nalitafuta kwenye kitabu cha maelekezo kabla ya kuangalia bei. Apex ya Neptune Systems inakuruhusu kuiandikia kila soketi hali yake ya dharura, kwa neno Fallback likifuatiwa na ON au OFF. Pampu kuu inayorudisha maji kwenye tangi naiandikia ON. Hita ya Nairobi ON, ikitegemea thamostati yake. Hita ya Dar, kama ipo, OFF. Pampu ya kufidia maji yaliyovukizwa ni OFF bila mjadala, kwa sababu ikibaki imewaka itamwaga pipa zima la maji yasiyo na chumvi ndani ya tangi. Hydros ya CoralVue imelichukua tatizo hili kwa njia nyingine ninayoipenda sana: unaweza kuunganisha kontrola mbili au zaidi, na moja ikifa nyingine inachukua kazi zake.

Usiamini maandishi peke yake. Siku ya kufunga, kabla tumbawe lolote halijaingia, chomoa waya wa data kwa makusudi na ukague soketi moja baada ya nyingine. Urudishe, kisha tumbukiza sensa ya joto kwenye kikombe cha maji vuguvugu, uone hita inakatwa na chila inasubiri dakika ulizoiamuru ndipo iwake. Mwisho, chomoa sensa yenyewe. Kontrola nzuri inatambua kwamba haina sensa na inapiga kengele. Mbaya inasoma sifuri na kuwasha hita.

Kama unaagiza kupitia ndugu aliyeko Marekani, angalia volti. Sanduku la soketi la Apex linalouzwa kule, Energy Bar 832, ni la volti 120, na huku ukutani una 230 au 240. Usijaribu kulitumia kwa transfoma kubwa ya mtaani. ProfiLux ya GHL ya Ujerumani inatoka kwenye soko la volti 230, ila na hapo uliza umbo la plagi kabla ya kulipa.

Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza tangini ni oksijeni. Kwa hiyo kabla ya kununua sensa ya ziada, nunua pampu ya kusukuma mawimbi tangini, inayotumia umeme wa DC na yenye betri yake ya akiba. Kontrola na ruta ziwe kwenye UPS ndogo ili ujumbe ukufikie. Kifaa kilichozimika hakiwezi kukuambia kwamba kimezimika, kwa hiyo chagua mfumo ambao seva yake inakutumia arifa kifaa kikinyamaza. Hakikisha pia kontrola inaendelea na amri zake intaneti isipokuwepo. Umeme ukirudi, skima, yaani kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu, ichelewe dakika kumi, kwa sababu pampu kuu ikisimama maji huteremka na kujaa kwenye sampu, yaani tangi dogo la chini, na skima iliyozama hufurika.

Kwenye sensa nina msimamo mkali. Joto ndilo ninaloruhusu litoe amri. Sensa ya pH ni kioo kinachochakaa, umri wake ni mwaka mmoja hadi miwili, na inahitaji kusahihishwa mara kwa mara kwa vimiminika vya pH 7 na pH 10. Isitoshe, chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi na watu wengi hujaa kaboni dayoksaidi, na pH ya tangi hushuka bila kemikali yoyote ya maji kupungua. Kontrola ikiamriwa kumwaga maji ya chokaa, yanayopandisha pH, kila pH inaposhuka, itaunguza matumbawe kwa kosa la hewa ya sebuleni. pH naisoma tu. Chumvi naiangalia kwa sensa, lakini kabla ya kuamua chochote napima kwa refraktomita, kifaa cha mkononi kinachopima chumvi kwa mwanga.

Kuna pia Trident ya Neptune, inayopima yenyewe ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), kalisi na magnesi kwa kemikali za chupa zinazodumu kama miezi miwili. Ni kifaa kizuri, na ualkali ndio namba ninayoijali kuliko zote baada ya joto. Lakini kama kila chupa lazima iagizwe kutoka nje, utakaa na mashine isiyo na kemikali. Hadi upate njia ya uhakika ya chupa hizo, pima kwa mkono kila wiki.

Kwa tangi la kwanza la pwani, chini ya lita 300, sishauri uanze na Apex wala ProfiLux. Chukua kontrola ya joto tu, kama ITC-308 ya Inkbird, toleo la volti 220 hadi 240. Ina soketi ya kupasha na ya kupoza, ina kengele ya juu na ya chini, na ina kuchelewa kwa kompresa. Sensa iwe imefunikwa plastiki au mpira, maana chuma hushika kutu kwenye maji ya chumvi. Pesa iliyobaki iende kwenye pampu yenye betri. Anayejua kuchomelea saketi ajaribu reef-pi, programu huria inayoendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ila relei achague mwenyewe na asibane matumizi hapo. Ukifika kwenye matumbawe magumu yenye matawi, yanayotaka ualkali usioyumba, ndipo mfumo mkubwa unapostahili bei yake.

Ufungaji ni uleule kwa zote. Sanduku la soketi likae ukutani, mbali na mvuke wa sampu, si ndani ya kabati chini ya tangi. Kila waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji ya chumvi lidondokee sakafuni. Na saketi nzima ipite kwenye RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30 kabla hujaweka mkono majini.