Ufanisi wa kwenye kompyuta si ufanisi wa paneli

Wengi huamini kwamba uigaji wa kompyuta ukionyesha seli ya jua ya utando mwembamba yenye ufanisi wa asilimia 25, basi seli hiyo ipo, inasubiri kiwanda tu. Imani hiyo inaeleweka: namba imeandikwa kwa desimali mbili, na malighafi za seli ninayoizungumzia hapa, yaani shaba, zinki, bati na salfa, si adimu.

Programu ya uigaji hutatua milinganyo ya mwendo wa chaji kwa kutumia vipimo ilivyopewa: unene wa tabaka, wingi wa kasoro, muda ambao elektroni huishi kabla ya kupotea. Ukiipa tabaka lisilo na kasoro, itakurudishia seli ya ndotoni, na hesabu yake haitakuwa na kosa. Maabara ndiko mambo yanakogeuka. Atomi za shaba na zinki zinakaribiana ukubwa, hivyo hubadilishana nafasi ndani ya fuwele na volti hushuka. Kwa miaka mingi seli bora za aina hii, hata zilizoongezewa seleni (elementi inayofanana na salfa), zilikwama karibu na asilimia 13.

Uigaji una kazi yake, tena kubwa: huonyesha kipi kikirekebishwa kitaleta faida zaidi.

Ukikutana na namba kubwa, tafuta jedwali la vipimo vilivyoingizwa. Wingi wa kasoro ulipimwa kwenye sampuli, au ulichaguliwa tu? Modeli iliweza kwanza kurudia matokeo ya seli iliyokwisha kutengenezwa? Mimi huanza na volti: seli halisi za salfa bila seleni hutoa takriban 0.7, kwa hiyo modeli inayotoa zaidi ya 1 naiuliza maswali.